Mji Ulio Chini ya Mto

Mapendo wangu,

Uko saluni unasukwa, na najua msusi hatakuachia kabla jua halijashuka. Nimefunga meza yangu sokoni mapema ili nikuandikie nyumba ikiwa kimya. Kesho asubuhi, basi la Kigali likianza kunguruma, nitakuwa na maneno mawili tu mdomoni, na yote mawili nitayameza pamoja na machozi. Najijua.

Mambo ya pasipoti, ya koti, ya nani atakupokea uwanja wa ndege, papa yako amekuambia mara nyingi hadi umeanza kumcheka. Sitayarudia. Mimi nataka kukuambia habari za Louisiana, kwa sababu katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyeikanyaga. Tangu siku mama yako mdogo Furaha alipopiga simu akasema, "Yaya," kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "umutume kwangu, atasomea huku," sijapata usingizi wa kweli.

Naogopa, mwanangu. Nimeliandika neno lenyewe hapa mwanzoni ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari.

Ulikuwa mdogo nilipokwenda. Ulikuwa na miaka saba, na Furaha alikuwa karibu kujifungua mapacha, hana mama wala shangazi wa kumshika mgongo. Nilikuacha na papa yako na nyogokuru, bibi yako wa Nyakabuye. Uliniuliza, "Maman, kule kuna milima?" Nikakujibu kwamba milima iko kila mahali, maana sikuwa nimewahi kuona mahali isipokuwepo.

Ndege ilipoanza kushuka nikatazama dirishani. Niliona nchi kama nguo iliyotoka kufuliwa na haijakamuliwa. Maji hapa, majani pale, tena maji, tena kipande cha ardhi chembamba kama mkanda, na nyumba za watu juu yake. Nilitafuta kilima hata kimoja. Unaujua uwanda wa Bugarama, pale unaposhuka ukaona mashamba ya mpunga yamelala sawasawa? Uuchukue ule, na joto lake, uutandaze mpaka macho yachoke, halafu uumwagie maji. Hiyo ndiyo Louisiana ya kusini. Mume wa Furaha aliniambia kwamba wana mlima kule kaskazini, mrefu kuliko yote ya jimbo zima. Alipoonyesha picha yake nilidhani anatania. Huku kwetu Nyakarenzo tungeuita shamba la mtu, tukalima maharage mpaka juu.

Mume wa Furaha alikuwa dereva wa malori makubwa. Mapacha walipozaliwa, watu wote wa kwetu wakaacha kumwita kwa jina lake, wakamwita Papa Mapasa, baba wa mapacha, kama desturi. Jumapili yake ya kwanza ya mapumziko alinipeleka kuona katikati ya mji wao, New Orleans. Tulitembea katika mitaa ya zamani, yenye nyumba za baraza za chuma kilichosukwa kama lesi. Majina ya barabara yalikuwa ya Kifaransa, nikayasoma kwa sauti kama mwanafunzi. Kuna kanisa kubwa jeupe lenye minara mitatu, limeelekea uwanja wa maua. Nilisali humo. Nilipotoka nikamwuliza uko wapi ule mto mkubwa wanaousifu.

"Yaya, twende nikuonyeshe," akasema.

Nilidhani tutateremka. Wewe na mimi, kutoka hapa Kamembe, maji tunayateremkia siku zote, magoti yanauma. Yeye alinipeleka kwenye ngazi, tukapanda. Tukapanda tuta la udongo lililo juu kuliko barabara, na nilipofika juu nikauona Mississippi, mpana, wa rangi ya kahawa yenye maziwa, umejaa. Meli ilikuwa inapita. Niligeuka nyuma nikaona kanisa, nikaona watu wanakula kwenye meza zao, wote wako chini yetu. Nikageuka tena mbele. Meli ilikuwa juu ya vichwa vyao.

"Batu banakaa chini ya mayi?" nikamwuliza.

"Njo vile, Yaya. Mto uko juu, ziwa liko upande ule, na siye tuko katikati kama mboga mu sahani. Haya matuta njo yanatulinda."

"Na tuta likipasuka?"

Papa Mapasa alitazama meli mpaka ikapinda kona.

Aliponirudisha tulipita makaburini. Kule, mwanangu, wafu wengi hawazikwi ndani ya ardhi, maana zamani maji yalikuwa yakiwatoa. Wanajengewa vijumba vya matofali na mawe, vyenye paa na mlango, mtaa baada ya mtaa. Nilijifunika kichwa kwa kitenge. Nilijiambia kwamba nchi isiyoweza kumshika maiti wake, mimi siiamini.

Na kuna daraja. Utalipita, kwa hiyo ni bora ulijue. Kaskazini ya mji kuna ziwa Pontchartrain, na watu wamelitandikia daraja kutoka ukingo mpaka ukingo, karibu kilometa arobaini. Unaendesha, unaendesha, na ukifika katikati huoni nchi mbele wala nyuma. Ziwa letu la Kivu, hata likikasirika, ukigeuza shingo unaona mlima fulani unaokujua. Lile halina bega la kuegemea. Nilishika rozari nikafumba macho, na Papa Mapasa akacheka mpaka upande wa pili.

Baton Rouge, utakakosomea, ni tofauti kidogo. Jina lake ni fimbo nyekundu, lakini wao hulitamka kama watu wenye viazi vya moto mdomoni. Ndiyo makao makuu ya jimbo. Jengo lao la serikali ni mnara mrefu mno, unauona ukiwa bado mbali. Mto ni uleule, ila mji umepata ukingo ulioinuka, si sahani. Nimemwomba Mungu uwe unalala huko siku za masomo, na kwa Furaha uende wikendi tu. Unacheka? Mimi nimeisoma ramani ya kule kwa magoti.

Sasa nikuambie habari ya Madame Odile, ambayo nimekuambia vipandevipande tu.

Alikuwa jirani wa Furaha, mwanamke mweusi mzee, mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya manjano. Siku ya pili yangu pale nilikuwa naanika nepi, nikajisemea Kifaransa kwamba jua hili linaua. Sauti ikajibu kutoka upande wa pili wa ua, kwa Kifaransa cha ajabu, cha nyanya zake, kwamba jua haliui, kinachoua ni maji. Ndivyo tulivyojuana. Aliniita kupika. Alipolitaja jina la mchuzi wake, gombo, nilicheka kwa sauti, kwa sababu kwetu Bukavu, nilikokulia, gombo ni bamia, na bamia ndiyo iliyokuwa inachemka ndani ya sufuria. Akasema, "Basi tumetoka jiko moja." Tangu siku hiyo sikuwa mgeni kwake.

Kila Jumamosi alikwenda makaburini na ufagio na ndoo, kufagia mbele ya kijumba cha mume wake. Nilimsindikiza mara mbili. Alikuwa anamsimulia habari za mtaa, nani kazaa, nani kahama, huku anafagia.

Mapacha walikuwa bado hawajashika shingo tulipoanza kusikia kwenye televisheni kuhusu dhoruba. Waliionyesha ikizunguka juu ya bahari, nyeupe kama unga unaokorogwa. Papa Mapasa alikuwa mbali, Texas, na lori lake. Akapiga simu.

"Furaha, mutoke leo. Leo! Musingoje kesho. Mwende Shreveport kwa rafiki yangu, nitabakuta kule."

Asubuhi ile hewa ilikuwa imesimama kabisa, hata jani halikutikisika. Mtaa mzima watu walikuwa wanapigilia mbao madirishani. Furaha akapakia maziwa, nepi, maji, nguo. Mimi nilivuka ua kwenda kumchukua Madame Odile. Nilimkuta barazani anamenya maharage.

"Twende," nikamwambia.

"Nendeni salama. Mimi nimeona dhoruba nyingi."

"Hii wanasema ni mbaya."

"Zote wanasema ni mbaya. Mume wangu amelala kule. Nikienda, nani atamfagilia?"

Sikurudi garini. Kwa nini, hilo sijawahi kukusimulia vizuri.

Vita vilipoingia Bukavu nilikuwa msichana, pengine mkubwa kidogo kuliko wewe leo. Tulisikia milio tangu alfajiri, na watu wa Kadutu walikuwa wanapanda njia ya Walungu na magodoro kichwani. Mama yangu alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Papa yangu, babu yako ambaye hukumjua, alikaa kwenye kiti chake mlangoni akasema, "Nyumba haiwezi kukimbia. Mimi nitabaki nayo." Mama alimvuta mkono. Furaha, mtoto wakati ule, alimlilia. Mimi nilikuwa mkubwa, na mimi ndiye niliyesema, "Maman, muache, papa ameshasema." Nilikuwa nimelelewa hivyo: baba akisema, kimesemwa. Tukaenda. Tuliporudi, majirani walituonyesha mahali walipomlaza, nyuma ya jiko. Hatukuuliza ilikuwaje, na hakuna aliyetaka kutuambia.

Kwa hiyo nilipomsikia yule mama mzee anasema maneno yaleyale kwa Kifaransa, chini ya mbingu ya watu wengine, nilikaa kwenye ngazi ya baraza lake. Furaha akapiga honi.

"Yaya! Uko nafanya nini? Twende!"

"Siendi bila yeye."

"Ule mama alikataa! Kila mwaka anakatalaka! Kuya, batoto banalia!"

"Furaha, minasema siendi. Uliniona nikienda siku moja. Sirudii tena."

Alijua ninasema nini. Kisha akashuka kwenye gari, mtoto huku na mtoto huku, analia kwa hasira, akaja akasimama mbele yetu. Mimi sikufikiri. Nilimchukua mmoja wa mapacha nikamweka kwenye mapaja ya Madame Odile, juu ya maharage. Yakamwagika yote.

"Furaha anaendesha gari," nikamwambia. "Mimi nina mikono miwili, na watoto ni wawili, na wote wanakunywa chupa. Huyu atanyweshwa na nani?"

Alimtazama mtoto. Mtoto akamshika kidole, unajua wachanga wanavyoshika.

"Mna ujanja, watu wa Afrika," akasema.

Akainuka. Aliingia ndani akatoka na mkoba mmoja. Alifunga mlango kwa ufunguo, akasimama, halafu akaufungua tena na kuuacha wazi. "Maji yakija," akasema, "yasinivunjie mlango."

Barabara kubwa ilikuwa imejaa magari hadi hayatembei, ikabidi tufuate njia ya zamani kando ya mto. Ni njia ya mashamba ya miwa. Pembeni kuna majumba makubwa meupe yenye nguzo, na mbele yake miti mikubwa inayoning'inia majani ya kijivu kama ndevu za wazee. Mimi nilifurahi kuona miwa, nikasema, "Kama kwetu mabondeni!" Madame Odile, nyuma na chupa mkononi, akasema, "Usiifurahie. Nyanya za nyanya zangu waliikata hapa wakiwa watumwa, wakafia humuhumu. Hayo majumba ni jasho lao lililopakwa chokaa." Utayaona, Mapendo. Watalii wanapigia picha za harusi pale. Wewe uyatazame, lakini ujue unatazama nini.

Tulifika Baton Rouge mchana, tukavuka mto kwa daraja refu la juu. Upepo ulikuwa umeanza. Halafu ikaja ile sehemu ambayo mpaka leo naiota.

Kati ya Baton Rouge na Lafayette barabara haipiti juu ya ardhi, kwa sababu ardhi hakuna. Inapita juu ya nguzo, kwa masafa marefu, na chini yake ni kinamasi cha Atchafalaya. Miti imesimama ndani ya maji meusi, miguu yake imevimba, na mingine imekufa ikabaki imesimama. Katikati ya daraja lile magari yakasimama. Mbele taa nyekundu, nyuma taa nyekundu. Hakuna pa kutokea, kulia maji, kushoto maji. Mvua ikaja ikitupigia kwa ubavu, na gari likaanza kutikisika kama mtu analisukuma. Furaha alishika usukani kwa mikono yote miwili.

Nilikuona wewe. Nilikuona umekaa kwenye kizingiti cha jikoni unamngojea mtu. Nilijiambia: nitafia hapa, ndani ya maji ambayo hata jina lake siwezi kulitamka, na mtoto wangu ataambiwa na nani, na kwa lugha gani? Nikashika rozari nikaanza kukuombea wewe. Madame Odile akaniona.

"Mwanao anaitwaje?"

"Mapendo."

"Maana yake?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa. "Basi utamsimulia Mapendo habari za hapa, kwa hiyo jifunze vizuri. Sema: A-cha-fa-la-ya."

"Madame, tutakufa."

"Pengine. Sema."

Nikasema. Akaniambia ni neno la watu wa asili wa nchi ile, maana yake mto mrefu, na kwamba babu yake alikuwa anatega kamba wekundu mlemle chini yetu, na hakuzama, alikufa kitandani kwa uzee. Akanifundisha mito mingine. Mto Mwekundu unapita Shreveport, ukashuka hadi Alexandria. Ouachita unapita Monroe. Sabine ndio mpaka na Texas. Akinifundisha ananiuliza, kama mwalimu wa msingi: huu unapita wapi, ule unapita wapi? Nikikosea ananirudisha mwanzo. Furaha naye akaanza kujibu kutoka mbele. Tulikuwa wanawake watatu na watoto wawili wachanga ndani ya gari linalotikisika, tunasoma jiografia kwa sauti. Hofu haikuondoka. Lakini ilisogea kidogo, ikatupa mahali pa kukaa.

Magari yakatembea tena. Tulifika Lafayette giza likianza kuingia, tukapokelewa na watu wa kanisa ambao hatukuwajua. Walitupa supu na mablanketi, wakacheka na Madame Odile kwa Kifaransa chao kama ndugu waliopotezana. Kesho yake tukapanda kaskazini, na nchi ikaanza kuinuka kidogokidogo, udongo ukawa mwekundu, misonobari ikaanza. Alexandria alikuwapo binti wa ndugu yake Madame Odile. Yule mama mzee tulimwacha pale, mlangoni kwa binti huyo. Alinishika mashavu yote mawili. Sisi tukaendelea Shreveport, na Papa Mapasa alikuwa amesimama barabarani anatungojea, amelowa, hana hata kofia.

Mtaa wa Furaha ulipata maji mpaka madirishani. Wao walijenga upya. Nyumba ya manjano ilisombwa paa, halafu kuta zikaoza, wakaja kuibomoa. Mimi nilirudi kwenu bila kuuona mji ule tena.

Madame Odile hakurudi New Orleans. Hakukuwa na nyumba ya kurudia, na ndugu zake walisema ni mzee mno kuanza upya. Alikuwa ananipigia simu kila Noeli. Mara moja aliniambia, "Espérance, uliniokoa kwenye maji ukaniacha kwenye nchi kavu ya wengine. Nani anamfagilia mume wangu?" Akacheka, akaniuliza habari zako, akaniuliza Sabine uko wapi. Alikufa kule Alexandria, akazikwa ndani ya ardhi, mbali na kile kijumba.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii, Mapendo, na bado sijui kama nilifanya vizuri. Kwa papa yangu nilinyamaza, nikampoteza. Kwa Madame Odile nilikataa kunyamaza, nikampoteza kwa namna nyingine, yeye akiwa hai. Kama ingetokea tena ningemwekea tena mtoto mapajani. Lakini siku hizi najua kwamba ukimtoa mtu nyumbani kwake unakuwa na deni la kumwuliza habari za nyumba hiyo maisha yake yote. Na wewe tunakutoa nyumbani. Usishangae nikikupigia simu nikaongea habari za jiko, za kuku, za mlango usiofunga vizuri. Sitakuwa nimekosa la kusema.

Wakisema tokeni, utoke. Hilo tu ndilo ninalokuagiza. Usingoje kuona kama maji ni ya kweli.

Nilirudi Kamembe na ile barabara ndani ya mwili wangu. Wewe ulinikimbilia, mimi nikakushika nguvu hadi ukalia. Baada ya hapo nikakukataza ziwa. Wenzako walikuwa wanashuka kuogelea siku za joto, wewe nikakufungia ndani. Darasa lenu lilipopanda mashua kwenda kutembea kisiwani, nilikwenda kwa mwalimu kusema unaumwa, na wewe ulikuwa mzima unatazama dirishani. Siku moja ulirudi gauni limelowa pindo, nikakuchapa. Pindo tu, mwanangu. Nilidhani ninakulinda. Kumbe nilikuwa ninamlea mtoto wa kando ya ziwa asiyejua maji, na sasa ninampeleka kuishi katika mji ulio chini ya mto. Katika makosa yangu yote, hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu halikuwa na muda wa kurekebishwa tena.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Ruhwa, mpakani, kuchukua bidhaa. Warundi niliowatarajia hawakuja, nikarudi mapema. Nilishuka garini juu kule, nikakata njia ya chini ili nipitie kwa muuza sambaza, dagaa wetu wa ziwa. Pale njia inapopinda juu ya maji nilisikia wasichana wanacheka. Nikatazama chini. Nilimwona mmoja yuko mbali, mbali kabisa na ukingo, kichwa cheusi tu juu ya maji. Nikajisemea, huyu ana mama wa namna gani. Kisha akageuza uso kuvuta pumzi, nikauona uso wako.

Kikapu kilinidondoka. Nilifungua mdomo nikuite. Jina lako lilikuwa pale kwenye ulimi, lote. Nikaona mkono wako unatoka majini, unaingia, mwingine unatoka, polepole, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Nikaelewa kwamba umekuwa ukifanya hivyo miaka mingi. Kama ningekuita ungeshtuka. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikachuchumaa kwenye majani kama mwizi. Ulifika kwenye mtumbwi uliofungwa kule mbali, ukaushika, ukapumzika, ukawapungia wenzako. Halafu ukaanza kurudi.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata juu ya Atchafalaya. Sikuita. Nilikutazama mpaka miguu yako ikagusa mchanga, ukasimama, ukakamua gauni lako ili mama yako asijue.

Ni mimi,
Maman yako